Kusafiri kwa gari-nyumba katika milima ya Uganda: mwongozo kwa wanaotoka Kenya na Tanzania

Msafiri anayeingia Uganda kutoka Eldoret, Kisumu, Bukoba au Mwanza akiwa na gari-nyumba anaikuta nchi ambayo milima yake imekaa pembezoni. Elgon uko mashariki, Rwenzori uko magharibi, na vilima vya Kigezi pamoja na volkano za Mufumbiro vimeshika kona ya kusini-magharibi. Katikati kuna ardhi ya miinuko midogo midogo, migomba mingi, na lami inayopitika vizuri. Kwa hiyo safari ya milima nchini humu huwa na siku ndefu za barabara kuu, kisha vipande vifupi vya kupanda na kushuka ambavyo kwa kilomita si kitu, lakini ndivyo vinavyoamua kama gari na waliomo watarudi nyumbani salama.

Wageni wengi hukadiria safari kwa ramani ya simu, wakaona kilomita 80, wakasema ni mwendo wa saa moja na nusu. Ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni kuhesabu safari ya mlimani kwa saa za mchana mkavu. Siku moja huwa na saa kama saba za namna hiyo, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, kabla ya mvua ya alasiri kufika na ukungu kushuka juu ya kona. Kinachowezekana ndani ya saa hizo ndicho kipangwe, na kilichobaki kisubiri kesho.

Gari na uzito wake

Magari-nyumba makubwa ya kiwandani, ya aina inayoonekana Ulaya, ni machache Afrika Mashariki. Wengi hutumia Toyota Hiace iliyotolewa viti na kuwekewa kitanda, kabati na jiko. Wengine hutumia Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Na wachache wana lori dogo lililojengewa chumba nyuma. Kwa milima ya Uganda, Hiace ya dizeli inatosha kabisa, mradi mwenyewe akubali kuiacha mjini pale lami inapoisha na mvua imenyesha. Land Cruiser itafika mbali zaidi, ingawa familia ya watu wanne haitalala humo kwa raha. Lori lenye chumba nyuma ndilo lenye starehe kuliko yote likishaegeshwa, na ndilo la mashaka kuliko yote kwenye kona za Kigezi, kwa sababu sehemu yake inayozidi nyuma ya ekseli hukwaruza ardhi kila linapovuka mtaro na hutanuka hadi upande wa pili wa barabara kila linapokata kona kali.

Kabla ya kuondoka nyumbani, lipime gari likiwa na kila kitu: maji, gesi, mafuta, chakula na abiria wote. Mizani ya ghala la nafaka au ya machimbo ya kokoto itafanya kazi hiyo. Linganisha uzito uliopatikana na uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji kwenye kibati cha gari, na ikiwa umevuka, usijipe moyo kwamba injini ina nguvu, kwa sababu mlimani anayebeba uzito ni breki na tairi. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 100 lililojaa ni kilo 100 zinazokusukuma kutoka nyuma kwenye mteremko. Uganda si nchi kame, na maji hupatikana katika kila mji. Lita 40 zinatosha kutoka kituo kimoja hadi kingine. Vitu vizito vikae chini, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, wala madumu ya mafuta yasipandishwe juu ya paa, maana gari refu lililobebeshwa juu huyumba kwenye kila kona na kumchosha dereva kabla ya adhuhuri.

Tairi zikaguliwe kwa umri, mbali na kina cha meno yake. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza zikiwa juma na mbili za mwisho mwaka, hivyo 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi ya zamani iliyokaa juani inaweza kuonekana nzima mjini, kisha ikapasuka ikibeba gari zito kwenye lami ya moto ya bonde la Kasese. Oili ya breki hunyonya unyevu kadiri inavyokaa, na unyevu huo huishusha nyuzi joto ya kuchemka. Ikiwa imepita miaka miwili tangu ibadilishwe, fundi aimwage yote na kuweka mpya. Mfumo wa kupoza injini nao ushughulikiwe kabla ya safari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, na dereva asiyejua hilo huendelea kuikanyagia mafuta hadi joto lipande bila sababu.

Makaratasi

Mipaka yenyewe haisumbui aliyejiandaa. Kutoka Kenya unaweza kuingilia Busia, Malaba, Lwakhakha au Suam, na kutoka Tanzania njia kuu ni Mutukula. Raia wa Kenya huruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini pasipoti ni bora kwa safari ya majuma kadhaa, hasa kwa anayetaka kusajili laini ya simu au kuendelea mbele hadi nchi nyingine. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi. Kwa gari, chukua kadi halisi ya usajili, barua ya idhini iliyothibitishwa ikiwa gari si lako, na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hununuliwa kupitia kampuni yako ya bima na hulipia madhara unayomsababishia mtu mwingine. Kadi hiyo hailipii gari lako, kwa hiyo uliza mapema kama bima yako kubwa inavuka mpaka. Mamlaka ya Mapato ya Uganda itakupa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Soma tarehe ya mwisho kabla ya kuondoka dirishani. Orodha fupi ya vifaa vilivyofungwa ndani, kama friji, betri na paneli za sola, huokoa muda pale ofisa anapotaka kujua kama ni bidhaa za kuuza.

Majira

Kwa sehemu kubwa ya nchi mvua hunyesha Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Miezi mizuri kwa gari-nyumba ni Juni hadi Agosti upande wa magharibi na kusini-magharibi, na mwisho wa Desemba hadi Februari pande zote. Elgon haifuati kalenda hiyo sawasawa, kwa kuwa mvua zake huweza kuendelea katikati ya mwaka. Mafuriko makubwa ya Mbale yalitokea usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, wakati ambapo watu wa magharibi walikuwa kwenye kiangazi. Anayetaka kuona Elgon kwa utulivu aende Januari au Februari.

Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu udongo wa miteremko ya Elgon huporomoka na kuua. Tarehe 1 Machi 2010 poromoko lilifunika vijiji wilayani Bududa na kuchukua mamia ya watu, na Novemba 2024 wilaya ya Bulambuli ilipatwa na msiba wa namna hiyo hiyo. Msafiri ana uhuru ambao mwanakijiji hana, nao ni wa kuhama. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, ondoa gari mlimani ushuke Mbale, na wakati wowote ule usilaze gari chini ya mteremko uliolimwa hadi juu, wala kando ya kijito, hata kama kijito chenyewe kinaonekana kuwa cha kuoshea miguu tu.

Elgon: mahali pazuri pa kuanzia

Kwa anayetoka Kitale, mpaka wa Suam ndio ninaoupendekeza. Barabara ya Suam hadi Kapchorwa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa tope la kumeza malori, imewekwa lami, na sasa inakatiza ubavu wa kaskazini wa mlima huku nyanda za Karamoja zikionekana chini upande wa kulia. Wasabiny wanaokaa huku ni ndugu wa Wakalenjin, na Kiswahili chao ni cha kila siku, hivyo mgeni hupata nafasi ya kuuliza, kununua na kuzoea desturi za nchi bila kutafuta mkalimani. Kilele cha Elgon, Wagagai, kina mita 4,321, lakini gari halina kazi huko. Hukaa kwa mwenyeji huku wewe ukipanda kwa miguu pamoja na askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.

Kituo cha kulala ni Sipi. Kuna maporomoko matatu ya maji, la chini kabisa likiwa na urefu wa karibu mita 100, na kambi kadhaa zilizo ukingoni mwa genge. Ukifika, tembea kwanza kwa miguu hadi pale unapotaka kuegesha, kwa sababu njia nyingi za kuingilia ni fupi, zina mwinuko mkali, na hazina nafasi ya kugeuzia gari refu. Egesha pua ikitazama njia ya kutokea. Mvua ikinyesha usiku, utashukuru kwamba huna haja ya kugeuza gari kwenye nyasi zilizoloa, hatua chache kutoka kwenye genge.

Kushuka

Kutoka Sipi barabara hushuka zaidi ya mita 500 hadi kwenye uwanda wa kuelekea Mbale, na hapa ndipo dereva mgeni anapaswa kujifunza kushuka, kwa sababu Kigezi haitampa nafasi ya kujifunza.

Kwenye kupanda, gari lililochoka hujitangaza: mshale wa joto hupanda, nguvu hupungua, na dereva husimama apende asipende. Kwenye kushuka kila kitu huonekana sawa hadi dakika ya mwisho. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Zikikanyagwa mfululizo, joto hujaa kwenye pedi na diski, kisha hupenya hadi kwenye oili, na oili ikichemka hutoa mapovu ya mvuke ambayo hubonyea chini ya mguu badala ya kusukuma pedi. Dereva hukanyaga, pedeli huzama, na gari haliitiki.

Kwa hiyo gia iingizwe kabla mteremko haujaanza. Madereva wa malori husema kwamba gia iliyokupandisha ndiyo ikushushe, nami kwa gari-nyumba lililojaa ningeteremka gia moja zaidi kwenye vipande vikali. Gari la otomatiki liwekwe kwenye 2 au L, na kitufe cha ovadraivu kizimwe. Injini itapiga kelele, na abiria watauliza kama kuna tatizo. Waambie hapana, hiyo ndiyo sauti ya breki zinazopumzika. Mwendo ukipanda hadi kilomita 35 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu hadi ushuke 25, kisha achia mguu kabisa ili upepo upite kwenye diski, na urudie hivyo hadi chini. Mguu unaopapasa pedeli kidogo kidogo kutoka juu hadi chini ndio unaounguza breki. Kamwe usizime injini wala kuweka nyutro ili kubana mafuta, kwa kuwa injini ikizimika, usukani huwa mzito na kisaidizi cha breki huisha nguvu baada ya kukanyaga mara chache tu.

Dalili ya hatari huanzia puani. Harufu kali ya pedi zinazoungua ikiingia ndani, au moshi mwembamba ukitoka kwenye rimu za mbele, tafuta mahali tambarare nje ya barabara na usimame. Weka vizuizi vya mbao kwenye tairi na uache gari kwenye gia. Usivute hendibreki kwa nguvu ikiwa magurudumu ya nyuma nayo yana moto, na usimwage maji, kwa sababu diski yenye moto ikipigwa na maji baridi huweza kupinda au kupasuka. Subiri nusu saa au zaidi, hadi rimu iguswe kwa mkono bila kuchoma, ndipo ujaribu pedeli kabla ya kuondoka. Ikiwa ulitumia jiwe kama kizuizi, liondoe barabarani. Mawe yanayoachwa kwenye lami na waliosimama kabla yako ni hatari ya kweli kwa mwenye bodaboda anayepita hapo usiku.

Barabara hizi zina lugha yake. Rundo la matawi mabichi kwenye lami maana yake kuna lori lililoharibika mbele, mara nyingi mara tu baada ya kona, hivyo punguza mwendo hapo hapo. Piga honi kabla ya kona usiyoona mwisho wake, na ukiwa unashuka kwenye njia nyembamba, msubiri anayepanda, kwa sababu lori la viazi likishapoteza mwendo huenda lisiondoke tena. Bodaboda na baiskeli zilizobeba mikungu ya matooke hushuka kimya, wengine wakiwa wamezima injini, na huweza kukupita upande wowote. Tazama vioo vyote viwili kabla ya kusogea hata kidogo.

Njia za udongo

Ukiacha lami, kila kitu kinategemea mvua ya mwisho ilinyesha lini. Udongo mwekundu wa barabara za murramu huwa mgumu ukikauka, lakini dakika kumi za mvua hutandaza juu yake utelezi ambao hata gari la magurudumu manne huteleza nao kuelekea mtaroni, hasa kwa kuwa barabara nyingi zimeinuka katikati na kushuka pembeni. Dawa ni subira. Jua likitoka, saa mbili au tatu hutosha kukausha ngozi ya juu, na aliyesubiri akinywa chai hufika mapema kuliko aliyetumia muda huo kutafuta trekta.

Namna ya kuuliza hali ya barabara ina maana kubwa. Ukimuuliza mtu wa bodaboda kama gari lako litapita, atakujibu kwa adabu kwamba litapita, kwa kuwa hapendi kumvunja moyo mgeni. Muulize hivi: "Ssebo, leo umeona Fuso ikishuka kutoka huko?" Swali hilo lina jibu la kweli. Ikiwa Fuso imeshuka asubuhi hiyo, barabara haijakatika. Ikiwa magari yamesimama tangu jana, geuza. Kwa mwanamke sema "Nnyabo". Maneno hayo ni ya Kiganda lakini yanaeleweka karibu kote, na baada ya salamu utaona Kiswahili kikianza kutoka, hasa kwa polisi, askari, madereva na wafanyabiashara wa mipakani. Kasese, Bundibugyo na Kisoro, zilizo jirani na Kongo, kinazungumzwa sana kuliko wageni wengi wanavyotarajia.

Rwenzori

Mlima Stanley katika Rwenzori una kilele cha Margherita chenye mita 5,109, cha tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya, na hifadhi yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1994. Kwa mwenye gari-nyumba, hata hivyo, Rwenzori ni mlima wa kuuzunguka. Barabara huishia miguuni, Nyakalengija au Kilembe, na kutoka hapo ni siku nyingi za kutembea kwenye tope na mvua pamoja na waongozaji. Anayetaka kupanda alaze gari ndani ya ua wenye mlinzi mjini Kasese, atenganishe betri, na aache ufunguo wa akiba kwa mtu anayeaminika. Kilembe kwenyewe, mji wa mgodi wa shaba ambao ndio uliovuta reli hadi Kasese mwaka 1956, panafaa kutembelewa mchana. Lakini mto Nyamwamba ulifurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na madaraja, kwa hiyo usiegeshe usiku kwenye kingo zake.

Kipande kizuri kuliko vyote upande huu ni barabara ya lami kutoka Fort Portal hadi Bundibugyo. Huzunguka ncha ya kaskazini ya Rwenzori, kisha hujipinda kushuka kwenye bonde la Semliki, ukiona chini misitu inayoendelea hadi Kongo. Panga kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ukiwa mwepesi, bila maji tangini, usimame kwenye chemchemi za moto za Sempaya, na uanze kupanda kurudi kabla ya saa saba mchana. Fort Portal yenyewe, yenye hewa ya mita 1,500 na maziwa ya kreta upande wa kusini, ndiyo kambi bora ya magharibi yote.

Kuhusu usalama: mpaka wa Kongo una historia ya mashambulizi, na Oktoba 2023 watalii wawili pamoja na mwongozaji wao waliuawa ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Watu wengi hupita huko kila siku kwa amani, nami siwazuii. Ninachosisitiza ni kupita mchana, kulala ndani ya kambi rasmi zenye ulinzi, na kuuliza polisi au ofisi ya hifadhi kabla ya kushika njia ya Ishasha, sehemu ya kusini ya hifadhi hiyo iliyo karibu na mpaka. Namba za dharura ni 999 na 112.

Kigezi na njia ya Kisoro

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jaza mafuta hapa, nunua viazi, kagua breki, kisha panda hadi Ziwa Bunyonyi, mwendo mfupi wenye mwinuko mkali unaohitaji gia ya kwanza kwenye baadhi ya kona. Ukingoni mwa ziwa nafasi tambarare ni adimu, kwa kuwa vilima huingia majini moja kwa moja, hivyo piga simu kambini mapema na uulize waziwazi kama gari la urefu wako lina mahali pa kukaa.

Kabale hadi Kisoro ni chini ya kilomita 80 za lami, nami ningeitengea nusu siku. Barabara hupanda na kushuka kando ya miteremko iliyolimwa kwa ngazi, hupita msitu wa Echuya wenye mianzi, kisha hufika Kanaba. Asubuhi ukungu hukaa hapo kama maziwa ndani ya bakuli. Washa taa za chini, maana taa kali hurudishwa na ukungu machoni pako, fungua dirisha usikie malori, na ukikosa kuona mstari wa barabara toka kabisa nje ya lami usubiri. Ukungu ukifunguka, volkano husimama mbele yako kwa safu: Muhabura wenye mita 4,127 upande wa kushoto, Gahinga katikati, na Sabinyo wenye meno mengi upande wa kulia. Dereva asizitazame akiwa kwenye usukani. Kuna mahali pa kusimama, na mteremko unaofuata hadi Kisoro unahitaji macho yake yote na gia ya pili.

Wanaokuja kwa ajili ya masokwe wa milimani wajue kwamba kibali hutaja sehemu ya Bwindi itakayotumika, nazo ni Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Sehemu hizi zimetenganishwa na milima, na kuhama kutoka Buhoma hadi Rushaga kwa gari huchukua sehemu kubwa ya siku. Nunua kibali kwanza, ndipo uchague mahali pa kulala. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo mno kuliko mgeni wa nje, na watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Kwa Hiace, ningeiacha Kisoro na kukodi gari la mwenyeji kwa asubuhi hiyo; gharama yake ni ndogo kuliko ya gia-boksi.

Kulala na kupika

Penye kambi, lala kambini. Pasipo na kambi, uwanja wa kanisa, wa misheni au wa shule hupatikana kwa urahisi ukiomba kabla ya jua kutua, lakini nenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ujitambulishe na uonyeshe kitambulisho. Akishakujua, kijiji kizima kitakulinda. Asipokujua, una hakika ya kuamshwa usiku kwa tochi.

Usiku wa Kigezi hushuka hadi karibu nyuzi 10, na hapa kuna jambo moja la kufa na kupona. Sigiri, hata yenye makaa yaliyofifia, isiingizwe ndani ya gari. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na waliolala hawaamki. Jiko la gesi nalo lisitumike kupasha chumba. Vaa soksi na kofia, jaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira uweke miguuni, na acha dirisha wazi vidole viwili ili mvuke wa pumzi utoke, vinginevyo asubuhi utakuta magodoro yameloa upande wa chini.

Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na maharage yaliyokuwa yakiiva kwa saa mbili nyumbani yatakula gesi yako yote. Yaloweke tangu jana yake, au chukua presha kuka. Mtungi wa gesi uje na regyuleta yake, kwa kuwa viungio hutofautiana, na kubadilisha mtungi ugenini si jambo la kutegemea.

Choo cha kemikali hakimwagwi ziwani, kwenye kijito wala kwenye choo cha shimo cha mwenyeji bila ruhusa yake. Dawa huua vijidudu vinavyooza kinyesi, na shimo hujaa mapema. Kwa safari hii ndoo yenye maranda ya mbao ni bora zaidi, na maranda hupatikana kwa fundi seremala yeyote.

Kutoka

Anayerudi Kenya au Tanzania ahakikishe kibali cha gari kimefungwa kwenye mtandao wa forodha kabla ya kuvuka, kwa sababu gari ambalo kwenye kumbukumbu halijatoka huleta deni la ushuru safari ijayo. Anayeendelea Rwanda kupitia Cyanika, kilomita chache tu kutoka Kisoro, aingie akikumbuka kwamba huko magari hupita kulia. Kwa gari lenye usukani upande wa kulia, dereva haoni mbele ya lori, hivyo abiria wa kushoto ndiye awe macho yake wakati wa kupita. Mlango wa kusukuma wa Hiace nao, ambao Uganda ulikuwa ukifungukia kwenye nyasi za kando, sasa unafungukia katikati ya barabara. Waambie watoto hivyo kabla ya kuvuka, na funga kitasa chake kwa ndani.